Jini Niliyemtunga Mwenyewe Ananizuia Kutoa Msitu Wangu Wakfu

Mama Elinipa mpendwa,

Sijui kama nikuamkie au uniamkie, maana picha yako ya gazetini ni ileile tangu nianze kukusoma na mimi nimeshafika sitini na mbili, kwa hiyo pokea salamu ya umri wowote utakaoona unakufaa. Nakuandikia nikiwa Visiga, kwenye nyumba niliyoijenga kwa mshahara wa masjala, kwani nilikuwa mtunza majalada serikalini miaka thelathini na moja, na naomba jina langu lisitoke, niite Mwamvita tu, kwa sababu haya nitakayokueleza hayajui hata mwanangu wa kumzaa, na yananikaba roho.

Marehemu baba alikuwa na ardhi Mzenga, huko Kisarawe, na kabla hajafa aliigawa mwenyewe, kwa maandishi na mashahidi: kaka yangu Hemedi akapewa bonde la mpunga na minazi, mimi nikapewa pori, ekari kumi na nne. Watu walinionea huruma. Wengine walidhani mzee amechanganyikiwa, kwa sababu pori halina zao wala nyumba, lina mikongo na mipingo na misandarusi, na kijito chembamba kinapita katikati, na kima, na komba, na hondohondo wenye kelele. Lakini baba alijua anampa nani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata mle tangu mtoto akienda kukagua mizinga yake ya nyuki, na hata nilipokuwa mtu wa ofisi pale Kibaha, kila mwisho wa mwezi nilikwenda Mzenga, navua viatu, naingia, nakaa kando ya kijito saa nzima bila kufanya lolote, natoka nikiwa mtu mwingine. Wenzangu ofisini walidhani nina bwana huko.

Sasa kosa langu ndilo hili. Miaka minane iliyopita nilikwenda kama kawaida yangu nikakuta matanuri mawili ya mkaa yanafuka ndani ya pori langu na mikongo mitatu iko chini, mmoja ni ule aliokuwa baba akitundika mizinga. Nililia pale kama mtoto. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Jabiri, tumesoma naye darasa moja, akanipa pole na soda akasema wataunda kamati. Mwezi uliofuata kamati haijaundwa na miti mitano imekwenda. Nikaambiwa niweke mlinzi, nikaweka, mlinzi akawa ndiye anayewaonyesha njia. Basi ukaitishwa mkutano wa kijiji, na mimi nikasimama nina barua yangu nimeichapa vizuri yenye vifungu vya sheria, nikaangalia zile sura, nikaona hakuna atakayejali vifungu, nikaikunja barua, na sijui maneno haya yalitoka wapi. Nikasema, "Mimi sina ugomvi na mtu. Ila baba alinikabidhi pori pamoja na mwenyewe wake, na mwenyewe amekasirika."

Mama Elinipa, hata wale waliokuwa wakipiga soga nyuma walisogea mbele wanisikie vizuri.

Na ukishatunga inabidi uendeleze. Nilishuka sokoni Mlandizi nikanunua shuka nyeupe, kaniki, ubani, marashi na chetezo, nikaenda nikafunga vile vitambaa kwenye mkongo wa pale njia inapoingilia, nikafukiza kidogo, nikaacha chungu. Jina nikampa Bibi wa Kijitoni. Masharti yake nikayapanga mwenyewe usiku mmoja nikinywa chai: hapendi shoka, hapendi moto, hapendi msumeno wa mashine, hapendi pikipiki, na hataki mtu achote mchanga kijitoni. Kwa kifupi nilimpa masharti yote ambayo afisa misitu alikuwa akiyahubiri bila kusikilizwa, nadhani ni jini wa kwanza Pwani nzima anayesimamia sheria ya misitu. Ushahidi wenyewe sikuhitaji kuutafuta, ulikuwa mle mle. Wewe mtu wa bara sijui kama umewahi kumsikia komba akilia magharibi, ukimsikia utaapa ni mtoto mchanga ameachwa porini. Wenyeji wanamjua komba vizuri, wanamtega kwa tembo la mnazi, lakini tangu siku ile hakuna aliyesema ni komba. Na Dulla, kijana wa bodaboda aliyekuwa akibeba magunia ya mkaa, alipoanguka akavunjika mguu kwenye kona ambayo kila mtu huangukia, mambo yangu yakawa yamekamilika.

Toka hapo hakuna aliyeingia. Ungeliona pori lenyewe sasa, Mama Elinipa. Visiki vimechipua, kijito kilichokuwa kinakauka Septemba kinafika Novemba kina maji, na hondohondo wamerudi. Nikawa najisifu kimoyomoyo kwamba kamati haijaundwa mpaka leo lakini uongo wangu mmoja umefanya kazi.

Mwaka jana mwishoni nikaanza kuvimba miguu, daktari akaniambia moyo umekuwa mkubwa, nipunguze chumvi na mawazo. Chumvi nimepunguza. Mawazo ndiyo haya, kwamba nikifa pori linakwenda wapi. Mwanangu Omary ni dalali wa viwanja Mlandizi, mtoto mzuri, ananipenda, ananiletea dawa, lakini macho yake yakiona mti yanaona kigingi cha mpima ardhi. Nikasikia darasani msikitini mwalimu anaeleza wakfu, kwamba mtu unaitoa mali yako kwa ajili ya Mungu, haiuzwi, hairithiwi, manufaa yake yanabaki kwa watu na thawabu zinakufuata kaburini, akatoa mifano ya visima na mashamba ya minazi. Nikajiuliza, kwani pori lina kasoro gani? Linatoa maji, linatoa asali, linatoa dawa, linatoa kivuli, na kima nao ni viumbe. Nikafurahi nikaona nimepata jibu, nife pori libaki.

Nilianza kwa Jabiri, nikamwambia nataka kulitoa liwe msitu wa hifadhi, kijiji kisimamie. Alifurahi mpaka akasimama. Halafu akakaa. Akaniuliza taratibu, "Dada, tukiupokea msitu, mwenyewe naye tunampokea sisi?" Wajumbe wake wakataka niandike kwenye hati mahitaji yote ya Bibi wa Kijitoni, anakula nini na kila baada ya muda gani, ili kijiji kijue mzigo kinaobeba, na Jabiri mwenyewe akataka tufafanue kama mbuzi wa kafara ni mweusi au wa rangi yoyote. Nikaenda kwa Sheikh Isihaka. Yeye hakucheka wala hakukaa. Akasema, "Bi Mwamvita, wakfu ni wa Mwenyezi Mungu. Mimi siweki sahihi kwenye karatasi yenye mwenyewe mwingine." Nikaenda kwenye chama kimoja cha kutunza mazingira huku Kibaha, vijana wasomi, wakaja na vipimo vyao mpaka Mzenga, na hakuna mwenyeji aliyekubali kuwaongoza, na yule dereva wao aliposikia komba akawasha gari. Wameniandikia kwamba mradi hauna ridhaa ya jamii.

Na si hao tu, kila mtu kule anamwogopa, hata wifi yangu Siwema, mke wa Hemedi, ambaye mwaka ule wa kwanza aliokota kuni mle kabla hajasikia habari, na wiki hiyo hiyo mimba yake ya miezi saba ikaharibika, basi kila mwaka ananiletea jogoo mweusi nimpelekee Bibi kumwomba radhi, na mimi kukataa nilishindwa, ningemwambia nini, nampokea naja naye Visiga, na kwa kuwa hafai kurudi ndiyo tunamla, na jioni komba wakilia utamwona Siwema anafunga madirisha yote. Omary naye alipopata habari za wakfu amekuja amenibembeleza, Mama tuachie sisi, jini yupo mtaalamu anamtoa kwa nusu siku, kisha tunapima viwanja sabini na barabara katikati, hata mtaa tutauita jina lako.

Sasa nimebanwa pande zote. Nikisema kwamba jini nilimtunga mimi, kesho yake mashoka yamerudi, na mimi na mvi zangu nitakuwa kichekesho kuanzia Mzenga mpaka Gwata. Nikinyamaza, hakuna atakayekubali kulipokea, na siku nikifumba macho Omary anamwita mpima. Miaka minane nimelilinda na sasa mimi mwenyewe ndiye nimelifungia mlango. Naomba unisaidie, mimi nimetunza majalada ya watu maisha yangu yote, la kwangu limenishinda.

Mwamvita, Visiga

MAMA ELINIPA ANAJIBU

Bi Mwamvita,

Shikamoo uniamkie wewe, mimi nina sitini na sita. Na ile picha naipenda, haibadilishwi.

Nikuambie ukweli, barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini na tulicheka. Jini anayesimamia sheria ya misitu alimmaliza kabisa mhariri wangu. Nilicheka mpaka kwa Jabiri na mbuzi wake, nikacheka kwa yule dereva. Kisha nikafika kwa Siwema, na nikaacha.

Hebu irudie barua yako mwenyewe. Mikongo mitatu iliyokatwa umeililia, umeipa aya nzima. Siwema umempa sentensi moja, umemchomeka katikati ya dereva na Omary, ukaendelea na safari. Mwanamke amepoteza mtoto wa miezi saba. Kwa miaka minane anaamini amempoteza kwa mkono wake, kwa sababu ya mzigo mmoja wa kuni. Kila jioni anamsikia mtoto analia porini na anafunga madirisha, na wewe unayemjua anayelia ni nani unapita kwake kila mwisho wa mwezi, unamsalimia, unapokea jogoo. Halafu unamla. Bi Mwamvita, hiyo pilau iliwashukaje?

Najua hukukusudia. Najua mimba ilikuwa imeshaharibika ulipokuja kujua, na ulipoletewa jogoo wa kwanza ulipigwa na butwaa ukashindwa kusema. Jogoo wa kwanza nakusamehe. Wa pili ulikuwa na mwaka mzima wa kufikiri.

Kwa hiyo swali uliloniuliza, kama useme ukweli au unyamaze, mimi nalibadilisha. Ukweli utausema. Kilichobaki ni uanze kwa nani na umalizie kwa nani, na hapo ndipo akili yako ya masjala itakusaidia, maana faili likitoka kabla ya wakati wake unajua wewe kinachotokea.

Utaanza kwa Siwema, wiki hii. Hutamwita Visiga na hutamtuma Hemedi akutangulizie maneno. Utakwenda wewe, na miguu yako hiyo iliyovimba, utakaa naye mkiwa wawili, na utamwambia kwa Kiswahili kisichozunguka: hapakuwa na jini, nilimtunga mimi, kuni zako hazikumdhuru mtoto. Usianze na habari za msitu. Usimweleze ulivyokuwa unaumia kuhusu mikongo, hilo ni lako. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo, mpe nafasi akasirike, akikufukuza ondoka, na ukirudi baada ya wiki akikufukuza tena ondoka tena. Na komba akilia mkiwa mmekaa, mwambie ni komba. Ikiwezekana mwonyeshe. Mtu hastahili kumwogopa mnyama anayelewa kwa tembo la mnazi.

Sasa tuje kwenye msitu, ambao ni jambo jema sana na sitaki uone nimelidharau. Mimi ni Mlutheri wa Upareni, mambo ya wakfu nisingethubutu kuyasema kutoka kichwani mwangu, kwa hiyo nimeuliza wanaoyajua, sheikh mmoja na wakili mmoja, na wote wawili wamenipa jibu linalofanana. Usisubiri kufa. Ukiliacha pori kwenye wosia, kwa dini yako unaruhusiwa kumpa asiye mrithi theluthi tu ya mali yako, zaidi ya hapo mpaka warithi waridhie, na Omary hataridhia, tunamjua. Ukilitoa wakfu sasa hivi, ungali hai na akili zako timamu, linatoka mikononi mwako leo na halihesabiwi kwenye mirathi. Lakini usingoje mpaka ulazwe mahututi, kwani anayetoa akiwa kwenye ugonjwa wa kufa naye anarudishwa kwenye theluthi. Daktari amekuambia moyo ni mkubwa, hajakuambia uharakishe, mimi ndiye ninayekuambia.

Nenda kwa wakili na yale maandishi ya baba yako. Pori liko kwenye ardhi ya kijiji, kwa hiyo afisa ardhi na afisa misitu wa wilaya wahusike tangu mwanzo, na wakfu usajiliwe serikalini kwa majina ya wadhamini, usiachwe mikononi mwa mtu mmoja hata awe mcha Mungu kiasi gani. Masharti unayo tayari, uliyaandika ukinywa chai. Hakuna shoka, hakuna tanuri, hakuna msumeno, mchanga wa kijitoni usiguswe. Futa jina la Bibi, weka la kwako na sahihi. Ila ongeza kitu ambacho jini wako hakukijua: wape watu sababu ya kulipenda pori. Wanawake waruhusiwe kuokota kuni kavu siku maalumu. Mizinga ya baba yako irudi juu, asali yake ndiyo imlipe mlinzi, na mlinzi safari hii achaguliwe na wanaokunywa maji ya kile kijito. Umewafukuza watu miaka minane kwa hofu, na umeona hofu imekufikisha wapi, sasa kila mtu anaupisha huo msitu na hakuna anayeutaka.

Omary mwambie kabla hujaweka sahihi, uso kwa uso. Atanuna. Atakuambia umewanyima haki yao. Mjibu kwa upole kwamba mwenye mali akiwa hai hana warithi, ana watoto, na kwamba nyumba ya Visiga ipo na ataipata kwa haki yake Mungu akipenda. Halafu mpe kazi. Dalali anayejua mipaka, vigingi na wapima ni mtu adimu, mwambie aje akupimie mpaka wa wakfu vizuri kiasi kwamba hakuna dalali mwenzake atakayeusogeza hata hatua moja. Simjui mwanao, lakini nawajua madalali, wanaona fahari kuliko wanavyokiri.

Karatasi zikishakamilika, ndipo utasimama kwenye mkutano wa kijiji, pale pale uliposimama siku ile, na utawaambia wote. Sheikh Isihaka awepo, mwambie yeye mapema ili akuelekeze toba yako, hayo mambo ya chetezo na vitambaa utayamaliza naye, si mimi. Dulla naye awepo, ajue aliangushwa na kona. Watakucheka. Nakuhakikishia watakucheka, na Jabiri atakuwa wa kwanza kwa sababu ndiye aliyeulizia mbuzi. Kicheko cha kijiji hudumu mpaka harusi inayofuata. Wewe vumilia, kisha vua vile vitambaa mbele yao kwa mkono wako, muingie wote.

Na jambo moja la mwisho. Wadhamini wako wasikose mtu wa upande wa Siwema, na kama mwenyewe atakuwa tayari, awe yeye. Usimpe kama fidia, fidia huna ya kumpa. Ni kwamba katika watu wote wa Mzenga, hakuna aliyeupa msitu huo heshima kubwa kuliko yeye, na aliitoa mfukoni mwake, kila mwaka.

Wasomaji, naongeza haya machache. Jibu hili nilimtumia Bi Mwamvita kwa simu kabla ya kulipeleka kwa mhariri, nikamwambia halitachapwa mpaka awe amekwenda kwa Siwema. Alificha jina lake tu, akaacha la Siwema na jogoo wake mweusi kwenye barua, na Mzenga kila mtu anajua jogoo hao hutoka banda la nani. Nisingekubali Siwema ayasome haya gazetini. Siku tano sikusikia neno. Jana mchana simu ikaita, na yaliyobaki naandika leo kwa ruhusa yao wote wawili, ila hayatachapwa mpaka wakfu usajiliwe na kijiji kiambiwe.

Bi Mwamvita, ulinieleza kwamba ulimkuta anapeta mchele barazani, ukasema yote bila kupumua, na yeye akaendelea kupeta mpaka mchele ukaisha. Kisha akaweka ungo chini akakuuliza, "Kwa hiyo mwanangu hakuna aliyemchukua?" Ukasema hakuna. Akauliza, "Na anayelia?" Ukamwambia. Hakulia, hakukutukana, aliingia ndani akakuacha barazani peke yako, na wewe ulikaa hapo kwa sababu nilikuambia uondoke ukifukuzwa tu na yeye hakukufukuza. Saa kumi na mbili komba wakaanza. Ulisikiliza madirisha, na hakuna hata moja lililofungwa.

Ulilala kwao. Asubuhi alikuambia udhamini ataufikiria, lakini kabla ya kuufikiria anataka majogoo wake, wote saba, na umeniuliza mimi kama hiyo ni haki au anakukomoa.

Mpelekee, Bi Mwamvita. Wote wakiwa hai.